Magoti yanayogongana: umri kwanza, kisha kisima na chungu

Watoto wenye magoti yanayogongana huletwa hospitali kwa nyakati mbili, na zote mbili si mwafaka. Yupo mama anayekuja na mtoto wa miaka mitatu na nusu, roho mkononi, kwa sababu jirani amemwambia mwanawe ana miguu ya X na asipofungwa vyuma mapema atakuwa mlemavu. Mara nyingi mtoto huyo hana ugonjwa wowote. Na yupo baba anayekuja na binti wa miaka kumi na mitano kutoka kijiji cha mbali huko Chemba au Manyoni, binti ambaye familia yake imeambiwa miaka yote hiyo kwamba akikua miguu itanyooka yenyewe. Huyo ndiye mgonjwa, na muda wa kumtibu kwa njia nyepesi umeshapita au umebaki mdogo sana.

Ninachokitetea hapa ni kwamba sisi wa Kanda ya Kati tunaukimbilia mguu kabla ya kuuliza mambo matatu yanayousemea: umri wa mtoto, maji anayokunywa, na kinachopikwa nyumbani kwao. Tukianza na hayo matatu, wengi wa wale wadogo watarudi nyumbani bila dawa wala vyuma, na wale wachache wenye ugonjwa watafika kwa daktari wa mifupa wakiwa bado na miaka ya kukua mbele yao.

Umri ndio unaotangulia kwa sababu miguu ya binadamu haizaliwi ikiwa imenyooka. Mtoto mchanga huja duniani na matege, kwa kuwa tumboni alikaa amekunjwa. Akianza kutembea, matege hayo hupungua, na kati ya miezi 18 na 24 miguu huwa karibu kunyooka. Haiishii hapo. Inaendelea kupinda kwa upande wa pili, magoti yakisogeleana na vifundo vikiachana, mpaka kufikia kilele kwenye umri wa miaka mitatu au minne, pembe ya goti ikiwa digrii 10 au hata 12. Baada ya hapo inarudi taratibu, na kufikia miaka saba mtoto hubaki na digrii kama 5 hadi 7 ambazo ataishi nazo maisha yote. Safari hiyo ilipimwa na kuandikwa vizuri na Salenius na Vankka wa Finland mwaka 1975, na madaktari wa mifupa wa watoto duniani kote bado wanaitumia kama dira. Maana yake ni kwamba hata mtu mzima mwenye miguu mizuri ana X ndogo, kwa sababu nyonga ni pana kuliko magoti na fupapaja sharti literemke kwa mshazari.

Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu hadi sita ambaye miguu yake yote miwili imepinda sawasawa, anakimbia na wenzake, halalamiki maumivu na kimo chake kinapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki, hahitaji chochote. Simaanishi dawa kidogo au kiatu cha tahadhari. Namaanisha hahitaji chochote isipokuwa kupimwa tena baada ya miezi sita.

Kumpima ni kazi ambayo muuguzi wa zahanati anaiweza, na mzazi pia akionyeshwa mara moja. Mtoto avuliwe viatu na suruali, asimame kwenye sakafu tambarare, miguu ikiwa imenyooshwa magotini. Pia za magoti zitazame mbele kabisa, maana zikigeukia ndani kipimo kitadanganya. Kisha miguu isogezwe hadi magoti yagusane kidogo tu, bila kukandamizana. Sasa chukua utepe wa fundi cherehani, upime nafasi kati ya ile mifupa miwili iliyotokeza upande wa ndani wa vifundo. Andika sentimita na tarehe. Kwa mtoto aliyefikisha miaka saba, nafasi inayozidi sentimita 8 ni sababu ya kumpa rufaa. Mtoto mnene anahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mapaja yake yanasukumana na nafasi huonekana kubwa kuliko mpindo wenyewe. Namba moja pekee haina uzito mkubwa. Namba tatu za miezi sita sita zinaeleza kama mguu unarudi, umesimama au unazidi.

Yapo mambo ambayo yakionekana hatusubiri kipimo cha pili, hata kama mtoto ana miaka minne. Mguu mmoja umepinda na mwingine haujapinda. Mtoto ni mfupi mno kwa umri wake. Anaumwa usiku au anachechemea. Miguu ilikuwa imenyooka, ikaanza kupinda baada ya miaka saba au minane. Vifundo vya mikono vimevimba na mbavu zina vinundu mfululizo. Ndugu zake au watoto wa jirani wana miguu ya namna hiyohiyo. Au meno yake ya ukubwani yametoka yakiwa na madoa ya kahawia. Hili la meno nitalirudia, kwa sababu kwetu ni ushahidi ulio wazi kinywani na haulipiwi maabara.

Kuna mpindo mmoja ambao unatisha na mara nyingi hauna hatari. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita aliyevunjika muundi karibu na goti anaweza kupona vizuri kabisa, kisha mwaka unaofuata mguu ule ukaanza kwenda nje. Daktari Cozen wa Marekani aliueleza mwaka 1953. Wengi hunyooka wenyewe ndani ya miaka michache, na kukimbilia upasuaji hapo ni kumwongezea mtoto kovu bure.

Sasa tuingie ndani ya goti, maana bila kuelewa kinachoendelea huko mzazi atayumbishwa na kila ushauri. Mtu akisimama, uzito wake hushuka katika mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo. Kwenye mguu mzuri mstari huo hupita katikati ya goti. Magoti yakiingia ndani kupita kiasi, mstari unahamia upande wa nje wa goti, na upande huo ndio unaobeba mzigo karibu wote. Kwa mtu mzima kinacholika ni gegedu. Kwa mtoto jambo ni zito zaidi, kwa sababu karibu na goti, juu na chini yake, kuna mabamba ya ukuaji, yale matabaka laini yanayotengeneza mfupa mpya. Tangu karne ya 19 Wajerumani wawili, Hueter na Volkmann, walieleza kwamba bamba likikandamizwa kupita kiasi hupunguza kasi ya kukua, na likipunguziwa mgandamizo huongeza kasi. Upande wa nje ukikandamizwa, unabaki nyuma, upande wa ndani unakua, mpindo unaongezeka, na mpindo ukiongezeka mgandamizo nao unazidi. Ndiyo maana X ya kawaida ya mtoto wa miaka minne, isiyolikandamiza bamba kupita kiasi, hurudi, na X ya ugonjwa haiwezi kurudi bila kusaidiwa.

Na ndiyo maana pia mifupa ikilainika, ugonjwa huikuta miguu ilipo. Ukimkuta mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa bado na matege, utayazidisha matege. Ukimkuta wa miaka minne akiwa kwenye X yake ya kawaida, utaizidisha X. Ukimkuta katikati, mguu mmoja unaweza kwenda nje na mwingine ndani, yote miwili ikaelekea upande mmoja kama iliyosukumwa na upepo. Nyumba moja inaweza kuwa na kaka mwenye matege na dada mwenye magoti yanayogongana, chanzo kikiwa kimoja. Nimesikia familia zikisema hayo ni mambo mawili tofauti, la mmoja la kurithi upande wa baba na la mwingine upande wa mama. Kabla ya kufika huko, angalieni kwanza ndoo wanayochotea maji wote wawili.

Kisima na chungu

Ulaini wa mifupa ya watoto, riketsi, kwenye vitabu vya Ulaya ni ugonjwa wa kukosa jua. Daktari kijana aliyesoma vitabu hivyo akifika Dodoma, mji ulio mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, wenye mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka na mbingu iliyo wazi miezi mingi, anaweza kusema riketsi hapa haiwezekani. Inawezekana. Ushahidi bora zaidi umetoka mji wa Jos, nyanda za juu za katikati ya Nigeria, mahali ambapo watoto hawakosi jua. Mwaka 1999 Thacher na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 123 wenye riketsi. Waliopewa kalsiamu peke yake walifikia kiwango cha kupona kwa asilimia 61. Waliopewa kalsiamu pamoja na vitamini D, asilimia 58. Waliopewa vitamini D peke yake, asilimia 19 tu. Jua lilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa chakula chenye kalsiamu.

Hebu tazama sahani ya mtoto wa Kongwa au Bahi mwezi wa Oktoba. Ugali wa uwele au mtama, mlenda, na chai ya rangi asubuhi. Mlenda una faida zake na siusemi vibaya. Lakini nafaka zisizokobolewa zina asidi ya fitiki inayoshikana na kalsiamu tumboni na kuizuia isifyonzwe, na mtama wenyewe una kalsiamu ndogo. Mgogo ni mfugaji, na nyumba yenye ng'ombe wanaokamwa haina shida hii. Ila kiangazi maziwa hukauka, ng'ombe hupelekwa mbali kutafuta malisho, na familia nyingi za pembezoni mwa jiji hazina ng'ombe kabisa. Wataalamu wa riketsi kutoka nchi mbalimbali waliokubaliana mwongozo wa pamoja mwaka 2016 walisema mtoto anayepata chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku yuko kwenye hatari hata akiwa na vitamini D ya kutosha. Glasi moja ya maziwa ina karibu kiasi hicho.

Maziwa si njia pekee. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, mara nyingi ya ile iliyomo kwenye mahindi. Dagaa wanaoliwa wazima na miba yao ni kalsiamu tupu, na soko la Majengo halikosi dagaa wakavu. Unga wa ubuyu, ule mweupe unaotoka kwenye mibuyu yetu wenyewe na siyo mbegu zilizopakwa rangi na sukari, nao una kalsiamu nyingi na unakubali kwenye uji. Zaidi ya hapo, bibi zetu walikuwa na ujuzi tunaouacha: kuloweka nafaka, kuiotesha kimea, na kuchachusha uji. Kila moja ya hatua hizo inapunguza asidi ya fitiki. Uji wa ulezi uliooteshwa, ukachanganywa na kijiko cha ubuyu na dagaa waliosagwa, unafanya kazi ambayo sharubati nyingi za kalsiamu dukani hazifanyi kwa bei yake. Hata hivyo, mtoto mwenye riketsi iliyothibitishwa hatibiwi kwa uji peke yake. Atapimwa damu na kupigwa eksirei, apewe kalsiamu na vitamini D kwa angalau wiki 12, halafu picha irudiwe.

Kisha maji. Tanzania ni moja ya nchi zenye floraidi nyingi kwenye maji ya ardhini, na watu wanapolitaja jambo hilo huwaza Arusha, Meru na Hai. Tangu 1964 Grech na Latham waliandika kuhusu mifupa iliyoharibiwa na floraidi kaskazini mwa Tanganyika. Tindigani, kijiji cha wilaya ya Hai, kimefanyiwa utafiti wa watoto wenye miguu iliyopinda, na maji yao yalikutwa ndiyo kiini. Lakini Singida nayo iko kwenye orodha hiyohiyo, na miamba ya graniti ya uwanda wetu, pamoja na volkano na Bonde la Ufa upande wa kaskazini, inaachia floraidi ndani ya maji yanayokaa muda mrefu ardhini. Dodoma si Arusha. Visima vingi hapa ni salama. Tabu ni kwamba hali inatofautiana kisima kwa kisima, na kisima kirefu kilichochimbwa kwa nia njema wakati wa ukame kinaweza kuwa kibaya kuliko dimbwi kilicholiacha nyuma.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani na sasa cha Tanzania, meno ya watoto huanza kupata madoa. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, inaingia kwenye mfupa wenyewe na kuuharibu muundo wake. Watu wazima wakumbuke kwamba viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, na baadaye 4, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Kizazi kizima kilikunywa maji yaliyohesabiwa kuwa halali. Mwili wa mtoto anayekua huhifadhi floraidi nyingi kuliko wa mtu mzima, kwa kuwa mifupa yake inajengwa kila siku. Na hapa ndipo kisima na chungu vinapokutana: kalsiamu kwenye chakula huikamata floraidi tumboni kabla haijafyonzwa. Mtoto asiyepata kalsiamu anapigwa mara mbili kwa maji yaleyale.

Ushahidi wa hilo ulitoka India. Mwaka 1973 Krishnamachari na Krishnaswamy walieleza vijana wa Andhra Pradesh waliokuwa na magoti yaliyogongana vibaya na mifupa iliyopungua uzito, katika vijiji vyenye floraidi nyingi ambavyo chakula chao kikuu kilikuwa mtama. Ninapousoma uwanda ule wa India, wenye ukame, graniti, visima virefu na ugali wa mtama, nashindwa kuutofautisha na wetu. Ndiyo maana nasisitiza kliniki yoyote kati ya Kondoa na Itigi isimpokee mtoto mwenye miguu iliyopinda bila kuandika kwenye faili jina la kisima anachotumia. Enameli ya meno ya ukubwani hutengenezwa mpaka kama umri wa miaka minane, kwa hiyo madoa ya kahawia yanamaanisha mtoto alikunywa maji hayo akiwa mdogo, hata kama familia imeshahama. Muulize na mama kama anapika mlenda au maharage kwa magadi. Magadi yaliyopimwa kaskazini mwa nchi yamekutwa na floraidi, mengine nyingi sana, kutegemea yalikochimbwa.

Yasemwayo na watu

Lipo kundi la maelezo ambayo nayasikia kila wiki. Kwamba mtoto amepinda kwa sababu alibebwa mgongoni na mbeleko, au kwa sababu alianza kutembea mapema, au kwa sababu anakaa miguu imetawanywa nyuma. Hakuna kati ya hayo linalopinda mfupa wenye afya. Kubebwa mgongoni, miguu ikiwa imepanuliwa kiunoni mwa mama, kwa kweli kunazisaidia nyonga kukaa vizuri, na akina mama waendelee kubeba wala wasitishwe na mtu. Viatu maalumu vyenye kisigino kilichoinuliwa havijawahi kuonyesha kwamba vinabadilisha pembe ya goti. Miguu inayonyooka ndani ya viatu hivyo ingenyooka bila viatu, na pesa ingebaki. Kukandwa mafuta na bibi hakuna ubaya. Kufungwa miguu kwa vitambaa usiku kuna ubaya, kwani nimeona vidonda vya mbano kwenye vifundo.

Kuhusu maji, kosa lililoenea ni kuamini kwamba kuchemsha kunasafisha kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Lakini floraidi haitoki na mvuke, na maji yakipungua sufuriani yanayobaki yana floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Mkaa wa kuni nao hauisaidii kazi hii. Unaofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa joto lililodhibitiwa bila hewa nyingi, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanya kwa miaka mingi na kuifikisha kwenye vichujio vya nyumbani. Ukichomwa ovyo hadi ukawa mweupe, uwezo wake hupotea. Na kichujio huchoka: kisipobadilishwa mkaa kwa wakati, familia inakunywa floraidi huku ikiamini iko salama. Kwa kijiji chenye uwezo mdogo, jibu jepesi ni maji ya mvua kutoka kwenye bati, yatengwe kwa kunywa na kupikia watoto wadogo tu, na kisima kibaki cha kufulia na kunyweshea mifugo.

Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uliundwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2019, na vyombo vya watumia maji vipo vijijini. Ombi langu kwao si kubwa. Kisima kinapopimwa, matokeo ya floraidi yaandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kituo cha kuchotea maji, namba na mwaka, mahali ambapo mama mwenye ndoo anaweza kuyasoma. Leo karatasi hizo zinakaa ofisini, na zahanati iliyo mita 200 kutoka kisimani haizijui.

Mtoto ambaye X yake ni ya ugonjwa, baada ya riketsi kutibiwa na maji kubadilishwa, apewe muda, kwa sababu wadogo wengi hunyooka sehemu au kabisa mfupa ukishaimarika. Kufanya upasuaji mfupa ukiwa bado mgonjwa ni kuuomba mpindo urudi. Ambaye hatanyooka ana njia ambayo naithamini sana. Daktari wa upasuaji anaweka bamba dogo la chuma lenye skrubu mbili upande wa ndani wa goti, skrubu moja juu na nyingine chini ya bamba la ukuaji. Upande huo unazuiliwa, upande wa nje unaendelea kukua, na mguu unageuka polepole kama mlango kwenye bawaba yake. Kovu ni la sentimita chache na mtoto anatembea ndani ya siku chache. Kazi hii ilianza na pini za Blount mwaka 1949, na bamba la sasa lilielezwa na Stevens wa Marekani mwaka 2007. Kasi yake ni chini kidogo ya digrii moja kwa mwezi, kwa hiyo mpindo wa digrii 10 unaweza kuchukua mwaka na zaidi. Sharti lake ni moja: mtoto awe bado anakua. Wasichana hufunga mabamba yao wakiwa na miaka kama 14, wavulana kama 16. Yule binti wa miaka kumi na mitano niliyemtaja atahitaji kukatwa mfupa, kunyooshwa, kufungwa chuma kikubwa na kukaa wiki nyingi bila kukanyagia, tena akiwa kwenye hatari ya mshipa wa fahamu wa nje ya goti kuvutwa na unyayo kulegea. Miaka yote ile ya "atakua tu" ndiyo iliyomfikisha hapo.

Kwa watu wazima sizungumzii tena kunyoosha mfupa kwa mazoezi, ingawa kuna wanaoyauza hivyo. Mazoezi ya misuli ya mapaja na nyonga hupunguza maumivu na kulituliza goti, na nayaagiza kila siku, lakini pembe ya mfupa wa mtu wa miaka 40 haisogei kwa zoezi. Swali la kwanza kwa mtu mzima ni lini ilianza. Aliyekuwa nayo tangu utoto analipa sasa deni la gegedu la upande wa nje. Aliyeanza ukubwani achunguzwe: baridi yabisi hula goti na kulipindisha kuelekea ndani, na inatibika kwa dawa ikikamatwa mapema, na kwa wengine chanzo ni ajali ya pikipiki iliyovunja upande wa nje wa goti, mfupa ukaunga ukiwa umezama. Goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili kwa kila hatua. Mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani ameliongezea goti lake kilo 40 hadi 60 kwa kila hatua, na mwenye X anazibeba upande mmoja. Toroli, au punda, au bomba lililosogezwa karibu, ni tiba ya goti. Fimbo ishikwe mkono ulio kinyume na goti bovu. Wengi huishika upande uleule unaouma. Aliyefika mwisho wa gegedu, kubadilishiwa goti kunafanyika nchini, katika taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili kwa miaka mingi, na kijana ambaye gegedu bado lipo anaweza kukatwa fupapaja na kunyooshwa badala ya kuwekewa goti la bandia mapema.

Kinachobaki ni kufuatilia, na hapo ndipo kanda yetu ina pengo. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapa Dodoma, na treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imeifanya safari ya kwenda hospitali za CCBRT na MOI, Dar es Salaam, kuwa ya siku moja. Lakini bamba la chuma lazima liangaliwe kila miezi mitatu au minne, na litolewe mguu unaponyooka. Lisipotolewa, halitajua kwamba kazi imeisha. Litaendelea kuzuia upande wa ndani mpaka X igeuke matege. Mzazi wa Farkwa au Itigi hana nauli ya kurudi mara tano na hana pa kulala. Arusha wana Plaster House, nyumba ambako watoto waliofanyiwa upasuaji wa mifupa hukaa, hula vizuri na kusubiri hadi wapone, wengi wao wakiwa ni wale wa floraidi. Dodoma inahitaji nyumba ya namna hiyo karibu na hospitali, vitanda hata kumi, jiko linalopika uji wa ulezi, na mtu mmoja mwenye simu na orodha ya tarehe za kila mtoto mwenye chuma gotini, wa kumpigia mzazi wiki mbili kabla na kumtumia nauli.